Nani Alivumilia, Nani Alikula Mbivu? Ramu Kongwe ya Karibiani na Historia ya Jasho

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuichambua historia ya ubepari kwa kuangalia viwanda, reli, migodi na mashamba makubwa. Mara chache tunaichambua kwa kuangalia kitu kinachokaa ndani ya bilauri moja. Katika makala hii tunakusudia kufanya hivyo. Tutaichukua ramu, yaani pombe kali itokanayo na miwa, tena ile iliyokaa ndani ya mapipa kwa miaka kumi na zaidi katika visiwa vya Karibiani. Tutaeleza ilivyotokea, inavyotengenezwa, na jinsi wajuzi wanavyoionja na kuipima.

Hatumwaliki mtu anywe. Wako miongoni mwa wasomaji wetu ambao dini yao imeikataza, na wako ambao wameona nyumba zikibomoka kwa ulevi. Hao wana haki yao, nasi hatubishani nao. Tunachosema ni kwamba kinywaji hiki kimebeba karibu miaka 400 ya historia ya watu weusi, na mtu anaweza kujifunza kukisoma bila ya kumeza hata tone moja.

Kuhusu ramu hii kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni la wale wanaoisifu rangi, harufu na chupa, wakaisahau mikono iliyoitengeneza. Kwao umri wa ramu ni pambo, kama vile wakati ulipita wenyewe ghalani bila ya kumgusa mtu. Kosa la pili ni la wale wanaosema: hili ni zao la utumwa, basi lilaaniwe lote. Kosa hili lina sura ya kimapinduzi, lakini nalo lina dhuluma yake. Linamnyang'anya mtumwa fundi ujuzi wake, kama bwana wake alivyomnyang'anya jasho lake. Msimamo wetu ni kwamba ujuzi ule ni wa wavuja jasho, na swali la kuuliza ni moja: nani aliyekuwa na uwezo wa kungoja mpaka ramu iive?

MABAKI YALIYOGEUKA MALI

Muwa si mmea wa asili wa Karibiani. Asili yake ni Guinea Mpya. Ukapita Bara Hindi, Uajemi na nchi za Waarabu, ukafika pwani za Mediterania na visiwa vya Atlantiki. Christopher Columbus aliupeleka Karibiani katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Waingereza walikikalia kisiwa cha Barbados mwaka 1627, na katika miaka ya 1640 walianza kukigeuza kuwa shamba moja kubwa la miwa. Mwanzoni walitumia vibarua maskini wa kizungu waliofungwa kwa mikataba, kisha wakawaleta Waafrika kwa maelfu. Mwaka 1661 walitunga sheria ya watumwa iliyomfanya Mwafrika kuwa mali ya mwenye shamba, na sheria hiyo ikaigwa katika makoloni mengine.

Tuangalie jinsi kazi ilivyokwenda, maana hapo ndipo ramu ilipozaliwa. Muwa ukikatwa hauna subira. Usiposindikwa ndani ya siku moja au mbili utamu wake huanza kuharibika. Kwa hiyo msimu wa mavuno kinu kilisaga mchana na usiku. Aliyelisha miwa kwenye magurudumu ya kinu, usingizi ukimpitia, vidole vilinaswa na mkono ukafuata. Ndiyo maana panga au shoka liliwekwa karibu, ili mkono ukatwe kabla mwili haujavutwa. Maji ya miwa yalichemshwa katika masufuria makubwa mpaka yakaganda kuwa sukari. Kilichobaki kilikuwa uji mzito mweusi, yaani molasi.

Kwa mwenye shamba molasi ilikuwa mabaki tu, chakula cha mifugo na cha watumwa. Lakini molasi ikichanganywa na maji katika joto la nchi zile huchachuka yenyewe. Na kilichochachuka kinaweza kukenekwa, yaani kuchemshwa, mvuke wake ukakusanywa na kupoozwa ukageuka maji makali. Hivyo mabaki yakageuka mali. Ramu ya kwanza ilikuwa chafu na kali kupita kiasi, na Waingereza wa Barbados waliipa jina la "kiua-shetani". Ilinywewa na vibarua, mabaharia na watumwa.

Richard Ligon, Mwingereza aliyeishi Barbados kati ya mwaka 1647 na 1650, alieleza katika kitabu chake habari za mtumwa aliyekuwa akipeleka pombe ile ghalani wakati wa usiku. Moto wa mshumaa uliirukia pombe, naye akaungua akafa. Jina lake kitabu hakikulitaja. Huyu ni mmoja wa wafanyakazi wa kwanza wa ramu ambao maandishi yanawakumbuka, na anakumbukwa kama hasara.

Mambo haya si mageni kabisa kwetu wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani katika miaka ya 1888 na 1889, mwenyewe alikuwa na shamba la miwa huko. Historia haitupi ruhusa ya kudhani kwamba muwa ulimwonea Mwafrika ng'ambo ya bahari tu.

RAMU KAMA CHOMBO CHA UBEBERU

Ramu haikubaki visiwani. Ilifanya kazi tatu katika mfumo wa ubeberu wa wakati ule.

Kwanza, ilinunua watu. Molasi ya Karibiani ilipelekwa New England, katika makoloni ya Amerika ya Kaskazini, ikakenekwa huko. Wafanyabiashara, hasa wa Rhode Island, wakaipeleka ramu Afrika ya Magharibi kubadilishana na binadamu, na binadamu hao wakapelekwa visiwani kulima miwa. Mduara ulikuwa umekamilika: jasho la mtumwa mmoja likageuka bei ya kumnunulia mwenziwe. Biashara hiyo ilikuwa kubwa hata Bunge la Uingereza likatunga sheria ya molasi mwaka 1733 na sheria ya sukari mwaka 1764, ili faida isiwakimbilie wenye mashamba wa Kifaransa.

Pili, iliendesha manowari. Baada ya Waingereza kuiteka Jamaica mwaka 1655, ramu ilianza kugawiwa mabaharia wao. Mwaka 1740 Amirali Edward Vernon aliamuru ichanganywe na maji kwanza, maana mabaharia walikuwa wakilewa wasiweze kazi. Mgao huo wa kila siku haukuondolewa mpaka tarehe 31 Julai 1970. Jeshi lililolinda mfumo wa mashamba lilinyweshwa mazao ya mashamba hayo.

Tatu, iliwatuliza wanaoonewa. Wenye mashamba waliwagawia watumwa ramu baada ya kazi ngumu na wakati wa sikukuu, ramu mpya isiyokaa hata mwezi. Iliyokaa na kuiva ilikwenda mezani kwa bwana. Hapa ndipo tunapoanza kuiona siri ya umri.

UWEZO WA KUNGOJA

Ramu ikitoka mtamboni ni nyeupe kama maji, nayo huchoma koo. Ikitiwa katika pipa la mbao ya mwaloni huanza kubadilika. Siku hizi mapipa mengi hutoka Marekani, ambako sheria inataka wiski yao ya bourbon itiwe katika mapipa mapya yaliyounguzwa ndani. Yakishatumika mara moja huuzwa, na Karibiani huyanunua. Pipa moja huchukua karibu lita 200. Mbao huipa ramu rangi na harufu, hewa huingia polepole kupitia vinyweleo vya mbao, na ukali hupungua mwaka hadi mwaka.

Lakini kuna gharama. Joto la Karibiani huigeuza sehemu ya ramu kuwa mvuke ikapotea. Wenyewe huita sehemu hiyo "fungu la malaika". Katika baridi ya Scotland fungu hilo ni kiasi cha asilimia 2 kwa mwaka. Jamaica ni kiasi cha asilimia 6. Tupige hesabu. Pipa la lita 200 likikaa miaka 12 Scotland hubakiwa na zaidi ya lita 150. Likikaa miaka 12 Jamaica hubakiwa na chini ya lita 100. Zaidi ya nusu imekwenda hewani. Kwa upande mwingine, joto hilohilo huivisha ramu upesi zaidi.

Karl Marx, katika juzuu la pili la "Capital" lililotolewa mwaka 1885, alitofautisha muda wa kazi na muda wa uzalishaji. Mkulima akishakamua zabibu, mvinyo unabaki ukichachuka bila ya mkono wa mtu, na bado haujawa tayari kuuzwa. Katika muda huo mtaji umefungwa. Ramu kongwe ni mfano ulio wazi kuliko huo. Miaka kumi na miwili mwenye ghala hauzi, anapoteza nusu ya mali yake, na hana budi kuendelea kulipa. Anayeweza kufanya hivyo ni yule tu ambaye tayari ana mali nyingine ya kumlisha.

Methali yetu inasema: mvumilivu hula mbivu. Ni methali ya kweli kwa watu walio sawa. Katika jamii yenye matabaka, mvumilivu ni mmoja na mla mbivu ni mwingine. Mtumwa wa Jamaica alivumilia maisha yake yote. Inakadiriwa kwamba kiasi cha Waafrika milioni moja walishushwa katika kisiwa hicho. Hata tukiwatoa wale waliopelekwa tena makoloni mengine, ni jambo la kutisha kwamba mwaka 1834, utumwa ulipofutwa katika sheria, waliohesabiwa walikuwa kiasi cha 310,000 tu, pamoja na waliozaliwa hapo. Serikali ya Uingereza ikatoa fidia ya pauni milioni 20. Iliwalipa wenye watumwa. Watumwa hawakupata kitu, bali waliongezewa miaka minne ya kazi ya lazima, mpaka tarehe 1 Agosti 1838. Deni lililotokana na fidia ile Uingereza ilimaliza kulilipa mwaka 2015. Huo nao ni umri: fidia ya bwana ilikaa katika vitabu vya hesabu kuliko ramu yoyote ilivyokaa ghalani.

Na mbivu iliivia wapi? Mara nyingi haikuivia visiwani. Bandari ya West India Docks ilifunguliwa London mwaka 1802 kwa ajili ya mazao ya Karibiani. Ramu ilisafirishwa huko ndani ya mapipa, ikakaa katika maghala ya London, ikachanganywa na kuuzwa kwa jina la mfanyabiashara wa London. Kisiwa kiliuza spiriti mbichi, na wakati ukaongezewa thamani ng'ambo. Kada yeyote aliyewahi kuona katani, pamba au korosho zikiondoka ghafi bandarini atalielewa jambo hili bila ya kuelezwa mara mbili.

JINSI YA KUIONJA

Sasa tueleze wajuzi wanavyoionja. Waonjaji wa kazi hawalewi, maana wanaonja kisha wanatema. Wanatumia bilauri ndogo yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, nao hawana haraka. Tuchukue mfano wa ramu ya Jamaica ya miaka 12.

Kwanza ni jicho. Ramu hii ina rangi ya kahawia inayong'aa kama asali. Lakini jicho hudanganywa. Kuna ramu zinazotiwa sukari iliyounguzwa ili zionekane kongwe. Nambari nayo huweza kudanganya. Katika Jamaica na Barbados, miaka inayoandikwa juu ya chupa ni ya ramu changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kwingineko nambari kubwa huwa ni pambo tu, na ndani mna tone la ramu kongwe katika bahari ya ramu changa. Mwonjaji mwema huanza kwa kuuliza: umri huu ni wa nani?

Pili ni pua. Spiriti ni kiasi cha asilimia 40 hadi 43 ya ramu, kwa hiyo anayeitumbukiza pua bilaurini hupata mchomo tu. Pua huwekwa mbali kidogo, mdomo ukiwa wazi. Harufu ya kwanza huwa ya matunda: ndizi mbivu, nanasi, ganda la chungwa. Hakuna tunda lililotiwa. Harufu hizo hutokana na kemikali ziitwazo esta zinazozaliwa wakati wa kuchachuka. Mafundi wa Jamaica waligundua tangu zamani kwamba masimbi yanayobaki mtamboni yakirudishwa katika molasi mpya, na molasi ikiachwa ichachuke siku nyingi, ramu hupata harufu nzito isiyopatikana kwingine. Ujuzi huo uliivia katika nyumba za mitambo zilizoendeshwa na watumwa. Mapipa yalipigwa chapa ya shamba, na wako mabwana waliowapiga watu chapa pia. Jina la fundi halikuandikwa juu ya pipa. Harufu ya nanasi ndiyo saini yake.

Baada ya matunda huja harufu ya pipa: vanila, mdalasini, kokwa ya kungumanga. Hizo zimetoka katika mbao iliyounguzwa. Matone machache ya maji safi huzifungua zaidi.

Tatu ni ulimi. Huchukuliwa kiasi kidogo, si zaidi ya kijiko cha chai, kikazungushwa kinywani taratibu. Ramu changa huchoma, kongwe hupasha joto. Mtu atahisi utamu, na hapa kuna jambo la kushangaza. Katika ramu safi isiyoongezwa kitu hakuna sukari. Yote imeliwa na hamira wakati wa kuchachuka, na kilichobaki hakiwezi kupanda na mvuke. Utamu anaouhisi ni wa mbao na wa wakati. Muwa umetoa kila kitu chake ukaondoka.

Nne ni ladha inayobaki baada ya kumeza au kutema. Katika ramu nzuri hubaki muda mrefu: kahawa, tumbaku kavu, uchungu kidogo wa mbao. Uchungu ukizidi, ramu imepitiliza pipani. Umri peke yake si sifa. Fundi anayejua saa ya kuitoa ni bora kuliko ghala linalojua kungoja tu. Huu ndio ushahidi kwamba wakati bila ya ujuzi wa mfanyakazi hauzai kitu.

UMRI NI WA NANI?

Watu wa Karibiani hawakungoja tu waonewe huruma. Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka wakachoma mashamba ya miwa, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza taifa la Haiti. Mwaka 1825 Ufaransa iliilazimisha Haiti kulipa faranga milioni 150 kwa mali iliyopotea, baadaye zikapunguzwa kuwa milioni 90. Taifa lililojikomboa likanyimwa uwezo wa kungoja. Barbados iliasi mwaka 1816, Jamaica mwaka 1831. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1938, wafanyakazi wa sukari wa Frome, Jamaica, waligoma wakipinga ujira wa njaa, na polisi wakawapiga risasi. Katika machafuko ya mwaka ule vyama vya wafanyakazi na vya siasa vya Jamaica vilipata nguvu.

Kuba inatupa funzo lenye pande mbili. Kampuni ya Bacardí ilianzishwa Santiago de Cuba mwaka 1862, wakati utumwa ungali halali huko. Haukufutwa mpaka mwaka 1886. Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ilivitaifisha viwanda vya ramu. Wenye kampuni waliondoka, na nembo yao ya biashara ilikuwa imekwisha kuhamishiwa nje. Mapinduzi yalipata majengo, mapipa na mafundi. Jina na masoko yalikwenda na mabepari. Mwaka 1993 Kuba iliingia ubia na kampuni ya Kifaransa ya Pernod Ricard ili ramu ya Havana Club ipate njia ya kutoka. Hata hivyo ujuzi ulibaki, ukirithishwa kutoka kwa bingwa hadi kwa mwanafunzi wake, na mwaka 2022 UNESCO iliuandikisha ujuzi wa mabingwa wa ramu wa Kuba katika urithi wa binadamu. Kutaifisha kiwanda ni kazi ya siku moja. Kukilinda kilicho vichwani mwa wafanyakazi ni kazi ya vizazi.

Jamaica nayo imepiga hatua. Shamba la Appleton, ambalo utengenezaji wake wa ramu umeandikwa tangu mwaka 1749, lilimteua Joy Spence, mwanakemia Mjamaika, kuwa bingwa wa uchanganyaji mwaka 1997, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika ramu. Safari hii jina la fundi linajulikana. Mwaka 2016 jina la "ramu ya Jamaica" lilisajiliwa chini ya ulinzi wa sheria za nchi hiyo. Lakini tusijidanganye. Kampuni yenye Appleton ilinunuliwa na Campari ya Italia mwaka 2012, na ramu ya Mount Gay ya Barbados, yenye hati ya tangu mwaka 1703, iko mikononi mwa Rémy Cointreau ya Ufaransa. Ramu inazeeka visiwani. Faida inahesabiwa Ulaya.

HITIMISHO

Walter Rodney, mwana wa Guyana, nchi ya miwa na ramu, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika kilichapishwa London na Dar es Salaam. Alitufundisha kuuliza, mbele ya utajiri wowote, umetoka wapi. Sisi tunaongeza swali la pili: umengojewa na nani, na kwa gharama ya nani?

Kwa hiyo basi, kuithamini ramu kongwe kwa haki ni kufanya mambo matatu. Ni kukubali kwamba ni kazi bora ya mikono na akili za watu walioonewa. Ni kukataa umri ugeuzwe pambo la kuficha jasho. Na ni kuelewa kwamba nchi inayouza mali yake mbichi kwa sababu haina uwezo wa kungoja itaendelea kuununua wakati wake yenyewe kutoka kwa wengine, kwa bei ya juu.

Yule mtumwa wa Barbados aliyeungua kwa mshumaa hakuacha jina wala kaburi linalojulikana. Alibeba ramu ambayo hakuruhusiwa kuingoja. Kila mtu anayeinua bilauri leo na kuipisha chini ya pua, akasema kwamba ramu hii imeiva vizuri, anazungumza habari zake, ajue asijue.